Anapaliwa, anakabwa au kinamsakama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mama yangu alipata kiharusi, tunamuuguza hapa Moshi. Kliniki daktari aliniuliza, "Anapaliwa, au chakula kinamsakama?" Nikajibu kinamkaba. Akarudia swali lile lile. Kwani si kitu kimoja?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Si kitu kimoja.

Mtu hupaliwa pale kinywaji au chakula kinapopotea njia kikaingia upande wa pumzi: anakohoa ghafla, machozi yanamtoka. Chai imempalia, au amepaliwa na chai. Kusakama ni kukwama. Mfupa wa sato ukikusakama unapumua vizuri, ila kitu hakishuki. Kukaba ni kubana koo, kazi ya wapiga kabali. Wengi huku husema "kimenikaba" kwa yote mawili, na pale Mbuyuni sokoni utaeleweka bila shida.

Kliniki ni habari nyingine, maana kila kitenzi kinampeleka daktari mahali pake. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa, hasa na maji, hushukiwa kwamba misuli ya koo imelegea. Atanyweshwa maji kijiko kimoja kimoja, vidole vya daktari vikiwa shingoni kusikilizia koromeo likipanda, kisha ataambiwa aseme "aaa" ili isikike kama sauti imekuwa ya majimaji. Anayesakamwa na ndizi choma leo, na baada ya wiki kadhaa hata mtori haupiti, hushukiwa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umebana. Huyo huenda akapelekwa kwenye kamera, ile inayoingizwa kooni kutazama ndani.

Uangalie pia "haumezeki". Ukisema "ugali haumezeki" umeulaumu ugali (na aliyeusonga). Ukisema "mama hawezi kumeza ugali" umemzungumzia mama, ndiye anayetibiwa. Halafu kuna "amepaliliwa", ninayokutana nayo kila mara. Hayo ni mahindi.

Ila kitenzi "kupaliwa" kina mtego. Wapo wagonjwa, hasa wa kiharusi, wanaopaliwa kimyakimya, bila kikohozi, na chakula kinaishia kwenye mapafu. Kwa hiyo usiseme "hapaliwi" eti kwa sababu hakohoi. Eleza ulichokiona: uji anaunywa kwa muda gani, sauti inabadilikaje akishakunywa, na kama chakula kinabaki shavuni.