Swali la Lugha: Je, mchezaji hurudi "kutoka majeruhi"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi New Jersey. Jumapili huwa tunakusanyika kuangalia futiboli ya Kimarekani, wenzangu wengine wakiwa wa Tanga na wengine wa Bukavu. Juzi tulikumbuka kisa cha Aaron Rodgers, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa timu ya New York Jets wakati ule, na jinsi wachambuzi wa televisheni walivyovutana kama angerudi msimu uleule alioumia. Nikasema, "Walidai Rodgers anarudi kutoka majeruhi." Mwenzetu wa Tanga akanikata kauli: "Majeruhi ni mtu!" Nikamjibu kwamba watangazaji wa mpira kule nyumbani husema hivyo kila siku. Nani yuko sahihi? Na je, kurudi na kurejea ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba. Mwenzako wa Tanga yuko sahihi. Lakini kosa hili hukulianza wewe, na limeenea kiasi kwamba inafaa tulitazame lilikotoka.

Majeruhi ni neno la asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni mtu aliyejeruhiwa. Ile ma- ya mwanzo si ya wingi kama katika mayai au majani. Ni sehemu ya neno lenyewe, kama ilivyo katika marehemu, yaani aliyerehemiwa, na maarufu, yaani anayejulikana. Kwa hiyo tunasema majeruhi amelazwa, majeruhi wanne wamelazwa, kwa upatanisho wa watu. Kilichompata mtu huyo ni jeraha, na yakiwa mengi ni majeraha. Sasa sikio letu limezoea kwamba ma- ni wingi, na majeruhi na majeraha yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. Mtangazaji anayekimbizana na mpira anachukua lililo karibu na ulimi. Ndipo tunaposikia "majeruhi yake yamepona", kana kwamba kuna jeruhi moja na majeruhi mawili.

Wapo watakaosema: mbona ujumbe umefika? Kisa chako cha Rodgers kinaonyesha vizuri kwa nini haufiki.

Tarehe 11 Septemba 2023, katika mechi yake ya kwanza akiwa na Jets, Rodgers aliangushwa na Leonard Floyd wa Buffalo Bills, Jets wakiwa wameanzisha mpira mara nne tu. Kano ya kisigino cha kushoto ikakatika. Alikuwa na miaka 39. Usiku ule ungeweza kusema, na Kiswahili chako kikawa safi kabisa, "Rodgers alitoka uwanjani majeruhi", yaani alitoka akiwa ameumia. Tarehe 29 Novemba, wiki 11 baadaye, akaonekana mazoezini na wenzake. Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto. Kuna waliosema anaweza kucheza kabla ya msimu kwisha, na kuna waliosema ni hatari kwa mtu wa umri ule.

Sasa chukua sentensi hii: "Rodgers amerudi majeruhi." Aliyelelewa na Kiswahili cha Tanga anaelewa kwamba amerudi akiwa bado hajapona. Aliyezoea lugha ya matangazo anaelewa kwamba amepona, ndiyo maana amerudi. Maneno ni matatu, na wasikilizaji wawili wanaondoka na habari zinazopingana, tena juu ya jambo lenyewe lililokuwa likibishaniwa: je, mtu huyu amepona au hajapona? Hapo siwezi kukubali kwamba ni suala la mtindo tu.

Najua hoja moja yenye nguvu dhidi yangu, nami naiheshimu. Mahabusu nalo ni neno la kundi hilihili. Asili yake ni mtu aliyefungwa, lakini leo tunasema "amewekwa mahabusu" tukiwa na maana ya mahali, wala hakuna anayelalamika. Kweli lugha hupanuka. Ila tazama jinsi sentensi zinavyojilinda: "mahabusu ametoroka" haiwezi kuwa chumba, na "yumo mahabusu" haiwezi kuwa mtu. Majeruhi halina kinga hiyo. "Timu ina majeruhi wanne" ni wachezaji wanne walioumia. "Mchezaji ana majeraha manne" ni mtu mmoja aliyeumia mahali panne. Kocha anayepanga kikosi anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Wengine hulikwepa neno jeraha kwa sababu kwao jeraha lazima litoke damu, na kano iliyokatika ndani haionekani. Nawaelewa, ingawa "jeraha la goti" limeshakaa vizuri katika lugha ya michezo nami silipingi. Ila ipo njia ninayoipenda zaidi, nayo ni kuacha nomino na kutumia kitenzi. Kiswahili hakisemi kwamba mtu "alipata mvunjiko wa mguu". Kinasema alivunjika mguu. Vivyo hivyo alikatika kano, aliteguka kifundo, aliumia bega. Ni fupi, na msikilizaji anajua papo hapo nini kimeumia na kimeumiaje. Na tafadhali tuseme kano, si mshipa: mshipa wa damu ni kitu kingine kabisa, na kano ndiyo inayofunga msuli kwenye mfupa.

Kuhusu kurudi na kurejea: kwa maana ya kuja tena mahali ulipotoka, yote mawili ni sahihi. Kurejea lina uzito kidogo, ndiyo maana magazeti hulipenda. Yanaachana kwingine: mzazi humrudi mtoto aliyekosa, hamrejei, na msomaji huambiwa arejee ukurasa fulani, haambiwi aurudi. Kinachonisumbua zaidi ni mtu kusema "amerejea" akanyamaza. Amerejea wapi? Novemba 2023 Rodgers alirejea mazoezini tu. Msimu ule hakucheza tena. Mechini alirejea tarehe 9 Septemba 2024, zikiwa zimebaki siku mbili mwaka utimie, na Jets wakafungwa 32 kwa 19 na San Francisco 49ers. Nusu ya mabishano ya wachambuzi na mashabiki ingekwisha kama kila mmoja angetaja mahali.

Kwa hiyo Jumapili mwambie mwenzako wa Tanga hivi: "Rodgers alikatika kano, akarejea mazoezini baada ya wiki 11, akarejea mechini baada ya mwaka." Akikuuliza majeruhi ni nani, mjibu kwamba ni Rodgers mwenyewe, tangu alipoangushwa hadi alipopona.