Majibu ya DNA yamesema mtoto si wako: soma karatasi kabla hujafungua mdomo

Karatasi hiyo usirudi nayo nyumbani ukiwa bado una hasira. Kaa uisome. Itakuwa na jedwali la maeneo ya vinasaba (DNA) yaliyopimwa, kwa kawaida 15 au zaidi, na kwa kila eneo kila mtu ana namba mbili: moja kaipata kwa mama yake, moja kwa baba yake. Mathalani mtoto ana 12 na 15, mama ana 12 na 14. Hiyo 15 lazima itoke kwa baba. Kama wewe una 11 na 13, hapo hamlingani. Lakini eneo moja au mawili hayatoshi kusema wewe si baba, maana vinasaba hubadilika vyenyewe mara chachechache vinaporithishwa. Maabara makini hutaka tofauti kwenye maeneo matatu au zaidi.

Je, mama naye alipimwa? Wengi huona kumpima ni kupoteza hela, wakati ndiyo hela yenye faida kuliko zote. Ikionekana mtoto si wa mama pia, basi huenda watoto walibadilishwa wodini, na mkeo uliyekaribia kumfukuza hana kosa lolote.

Halafu angalia sampuli ilichukuliwaje. Pamba yenye mate ikifungwa mbichi kwenye nailoni huota ukungu. Inatakiwa ikauke, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mtoto aliyetoka kunyonya hubaki na chembe za mama mdomoni. Hata hivyo, sampuli iliyoharibika mara nyingi hukosa majibu tu. Inayoleta majibu ya uongo ni bahasha zilizobadilishana majina, na hilo hutokea kirahisi watu wanapojichukulia sampuli wenyewe, kwa siri, chumbani.

Kwa hiyo rudia kipimo kwa njia halali. Kwa Tanzania, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inataka ridhaa ya mtoa sampuli, na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huendi tu na mtoto mkononi: ombi hupitia mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Anzia ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Ni karibu, na wamezoea kesi za kubambikiwa mtoto.

Majibu yakithibitika, usikimbilie RITA, wakala wa kusajili vizazi, kufuta jina lako kwenye cheti cha mtoto. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya kuvunjika kabla mama hajaolewa tena, sheria humhesabu wa mume. Karatasi ya maabara peke yake haitengui hilo. Mpaka mahakama iamue, endelea na ada na matumizi. Na usimpeleke kwa bibi yake ghafla: mtoto wa miaka sita atajua amefukuzwa, hatajua kwa nini.

Jambo moja husahaulika. Hospitali iliyoandika kwamba ukoo wa baba una sikoseli, sukari au presha iliandika ukoo wako. Daktari wa mtoto aambiwe.