Majibu ya homoni ya mwenza wako yakitoka tofauti na mlivyotarajia

Ukiishi na mtu anayebadili jinsia, utajikuta unasoma majibu ya maabara bila kuyasomea. Siku hizi huingia kwenye simu hata kabla daktari hajayaona, mara nyingi jioni, kliniki imeshafungwa, na pembeni ya namba kuna alama nyekundu kwamba imepanda au imeshuka. Mwenza wako anakutazama usoni aone umeyapokeaje. Nakuandikia wewe unayeanza kwa sababu nimeona namba moja isiyoeleweka ikimkosesha mtu usingizi wiki nzima, na nimeona wengine wakijiongezea dozi kwa sababu ya namba ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Namba peke yake haitoshi. Daktari anazijua homoni kuliko wewe na mimi, lakini hakuwepo nyumbani asubuhi ile damu ilipotolewa. Hajui dawa ilitumika saa ngapi, mwenzako alimeza nini kingine, wala kama plasta ya homoni ilibanduka usiku. Wewe unajua, au unaweza kujua, na hapo ndipo penye msaada wako.

Anza na vizio. Sisi tunaishi Toronto. Maabara za Kanada, kama za Uingereza, huandika estradioli, homoni kuu ya kike katika kundi la estrojeni, kwa pikomoli kwa lita, kwenye karatasi utaona pmol/L. Marekani huandika kwa pikogramu kwa mililita, pg/mL, na maelezo mengi utakayoyakuta kwenye intaneti yametoka huko. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni chenye makao Marekani, unaweka lengo la estradioli kwa mwanamke transjenda, yaani aliyesajiliwa mwanamume alipozaliwa, kati ya 100 na 200, na testosteroni, homoni ya kiume, iwe chini ya 50. Majibu ya mwenzangu yalipotoka baada ya kuanza dawa, estradioli ilisoma 612. Ukiiweka namba hiyo kando ya ule mwongozo utadhani dozi imezidi mara tatu. Lakini 612 ilikuwa ni pikomoli. Igawe kwa 3.67 unapata kama pikogramu 167, ndani kabisa ya lengo. Testosteroni nayo ina mtego uleule upande wa pili: ile 50 ya mwongozo ni nanogramu kwa desilita, na Kanada tunaandika nanomoli kwa lita, ambapo 50 inakuwa kama 1.7. Kwa hiyo anayeona 1.4 kwenye karatasi asidhani testosteroni imekwisha mwilini. Hiyo ni kama 40 kwa hesabu ya Marekani. Kila unapoandika namba, andika na kizio chake. Ukihama nchi au ukibadilisha maabara, kitu cha kwanza kukagua ni hicho.

Halafu muda. Nadhani majibu mengi ya kushtua chanzo chake ni hiki. Estradioli ya sindano hujaa na kupwa kama bahari: hupanda siku za mwanzo, kisha hushuka polepole kuelekea sindano inayofuata. Damu ikitolewa siku mbili baada ya sindano, na mwezi mwingine ikatolewa asubuhi ya kuamkia sindano mpya, utapata namba mbili zinazoachana sana kwa mtu yuleyule, dozi ileile, chupa ileile. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuzilinganisha. Mwulizeni daktari anataka damu itolewe siku gani ya mzunguko, kisha mshike siku hiyo kila mara. Kwa wanaotumia sindano za testosteroni aina ya enanthati au sipionati, mwongozo niliotaja unapendekeza damu itolewe katikati ya sindano moja na nyingine.

Vidonge navyo vina tabia zake. Kikimezwa, kinapita kwenye ini, na sehemu kubwa ya estradioli hugeuzwa kuwa estroni, estrojeni nyingine ambayo kipimo cha estradioli hakiihesabu. Kikiwekwa chini ya ulimi, homoni inaingia damuni upesi, inapanda sana kwa muda mfupi, halafu inaporomoka. Mtu aliyeweka kidonge chini ya ulimi akiwa kwenye basi, akafika maabara saa moja baadaye, atapata majibu ya kutisha ambayo hayasemi lolote kuhusu siku yake nzima. Jeli ni hatari ya aina nyingine: ikipakwa kwenye mkono uleule unaotolewa damu, sindano inapenya ngozi yenye homoni na kuibeba. Bora ipakwe mahali pengine siku za kabla ya kipimo, na mkono wa kutolewa damu uwe safi. Kile kipimo cha kwanza cha testosteroni, kabla ya dawa yoyote, kifanyike asubuhi, maana homoni hiyo huwa juu asubuhi na kupungua kadiri siku inavyokwenda.

Sisi tuna daftari dogo linalokaa kwenye droo ya dawa. Limeandikwa mambo mafupi tu: "Jumanne, sindano saa 1 jioni, paja la kushoto. Ijumaa, damu saa 3 asubuhi, hajala." Daktari akiuliza, hatukumbuki kwa kubahatisha. Tunamsomea.

Sasa kuhusu vidonge vya nywele. Kuna kipindi majibu ya mwenzangu yalikuja yamepanda yote mawili, estradioli na testosteroni, na kipimo cha tezi ya shingo, ile TSH, kikasoma chini kana kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi. Hakuwa na dalili hata moja. Hakutetemeka, moyo haukwenda mbio, uzito haukupungua. Muuguzi hakugusa dozi. Alituambia turudi na kila kopo lililomo ndani ya nyumba, hata la vitamini. Tuliyapanga mezani kwake, akaokota moja, akaligeuza nyuma na kutuonyesha kwa kidole: biotini, mikrogramu 10,000. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku. Mwenzangu alikuwa akivimeza ili nywele zijae. Baadhi ya mashine za maabara hutumia biotini katika utaratibu wao wa kupima, kwa hiyo biotini nyingi ndani ya damu inaichanganya mashine: inasoma homoni kama estradioli na testosteroni juu kuliko zilivyo, na TSH inaisoma chini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017 na kulirudia mwaka 2019. Aliviacha kwa siku alizoambiwa, damu ikatolewa tena, na kila kitu kikarudi mahali pake. Vidonge vya nywele, kucha na ngozi vinapendwa mno na wanawake transjenda, na wengi hawavitaji kwa daktari kwa kuwa hawavihesabu kuwa dawa. Vitaje.

Angalia pia jinsia iliyoandikwa kwenye fomu. Viwango vya kawaida vilivyochapwa kando ya majibu hufuata jinsia iliyosajiliwa, si mwili ulivyo sasa. Testosteroni husukuma utengenezaji wa damu. Ikishuka, hemoglobini nayo hushuka kuelekea viwango vya wanawake. Hemoglobini ya gramu 12.6 kwa desilita inaweza kuwekewa alama ya upungufu kama fomu inasema mwanamume, na isiwekewe alama yoyote kama inasema mwanamke. Makadirio ya kazi ya figo nayo hutumia jinsia. Omba daktari asome kwa viwango vyote viwili, hasa miezi ya mwanzo ambapo mwili bado uko njiani.

Hili linalofuata nawaandikia hasa ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Ghuba, wanaojitafutia dawa wenyewe kwa kuwa hakuna daktari wanayeweza kumwambia ukweli. Vidonge vingi vya uzazi wa mpango vinavyouzwa duka la dawa vina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa. Kipimo cha estradioli hakiioni. Mtu anameza vidonge, anapima, anaona estradioli iko chini kabisa, anadhani havifanyi kazi, anaongeza. Kumbe mwili umebeba estrojeni kali ambayo haimo kwenye karatasi, na dawa hiyo ndiyo ambayo wataalamu wameikataa kwa wanawake transjenda kwa sababu ya damu kuganda kwenye mishipa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwa upande wake, haina estrojeni hata kidogo. Ikiwa mwenzako yuko katika hali hiyo, usimgombeze. Kaa naye, soma naye jina la dawa lililoko kwenye pakiti, lile jina dogo chini ya jina kubwa la biashara, na mwambie waziwazi kwamba namba ndogo hapa si ruhusa ya kuongeza. Mtafute pamoja mhudumu wa afya anayeaminika, hata kama ni wa mbali kwa simu.

Dawa za kuzuia testosteroni nazo huleta majibu yanayoonekana kupingana. Spironolaktoni kazi yake kubwa ni kuzuia testosteroni isifanye kazi kwenye seli, kwa hiyo namba inaweza kubaki juu huku ngozi na nywele za mwili zinabadilika. Siproteroni huishusha namba yenyewe, lakini hupandisha prolaktini, homoni ya maziwa. Ukiiona prolaktini imepanda kidogo kwa anayeitumia, jambo hilo linajulikana na daktari ataamua la kufanya. Siproteroni isichezewe dozi, maana matumizi makubwa ya muda mrefu yamehusishwa na meninjioma, uvimbe kwenye utando wa ubongo, na mwaka 2020 wakala wa dawa wa Ulaya ulibana matumizi yake. Zile sindano za kuzima homoni kutoka ubongoni, kama leuprorelini, hupandisha testosteroni kwanza kwa wiki moja mbili kabla ya kuishusha. Akipimwa katika wiki hizo, msishangae.

Kuna wakati majibu ni ya kweli tu. Dozi zilirukwa, au dawa iliisha. Hapa namna ya kuuliza ni muhimu kuliko swali. "Wiki hizi dawa zilikwendaje?" humfungulia mtu mlango, "Kwani ulimeza kweli?" humfanya ajitetee, na utakosa taarifa unayoihitaji. Mwenzako huenda anaona ile namba kama mtihani wa uanamke wake au uanaume wake. Siyo. Estradioli ya pikogramu 180 haimfanyi mtu mwanamke kuliko ya 120, na kupita lengo huongeza hatari. Mwambie hivyo kwa maneno yako, na umwambie zaidi ya mara moja.

Mara chache kipimo cha mwanzo kabisa hufichua kitu kilichokuwepo tangu kuzaliwa. Mtu aliyesajiliwa mwanamume anakutwa na testosteroni ndogo na FSH kubwa, ile homoni inayotoka ubongoni kuziamsha korodani, kabla hajagusa dawa. Mojawapo ya sababu ni kromosomu za XXY, hali inayoitwa Klinefelter, na wengi wanaoishi nayo hawajawahi kuambiwa. Habari kama hiyo inahitaji daktari wa homoni na muda wa kuipokea. Msiichambue wenyewe saa 6 za usiku.

Kwa wanaoishi na mwanamume transjenda, aliyesajiliwa mwanamke alipozaliwa: kipimo cha kukodolea macho ni hematokriti, wingi wa seli nyekundu, maana testosteroni huipandisha, na juu ya asilimia 54 madaktari hupunguza au husimamisha dawa. Kuona estradioli bado ipo kwenye majibu yake si ajabu. Sehemu ya testosteroni hugeuka kuwa estradioli. Hedhi kukatika si kinga ya mimba, kwa hiyo kama kuna uwezekano, pimeni. Na kama anatumia jeli, majibu yasiyotarajiwa yanaweza kuwa yako wewe. Testosteroni huhama kwa kugusana ngozi, na mwaka 2009 FDA iliamuru onyo zito liwekwe kwenye jeli hizo baada ya watoto kuathirika. Anawe mikono kwa sabuni, jeli ikauke, avae nguo juu yake, na aoshe sehemu hiyo kabla hamjalala ngozi kwa ngozi au hajambeba mtoto.

Majibu mengi yanaweza kusubiri hadi Jumatatu na kurudiwa, katika maabara ileile, siku ileile ya mzunguko, bila biotini. Potasiamu iliyopanda kwa anayetumia spironolaktoni haisubiri. Piga simu siku hiyohiyo. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, achana na karatasi, nendeni hospitali moja kwa moja na mtaje kwamba anatumia estrojeni, aina gani na dozi gani.