Akiletewa sarafu zenye harufu ya wizi

Swali lilikuwa mnunuzi wa sarafu za wakusanyaji afanyeje akimshuku muuzaji kwamba ameziiba. Aanze kwa maswali ya kawaida: ulizipata wapi, lini, kwa nini unauza? Aliyerithi huenda asijue bei, lakini hadithi yake haibadiliki. Anayekubali thamani ya madini tu kwa sarafu adimu, mradi apewe taslimu sasa hivi, huyo mtazame mara mbili. Kisha kitambulisho chenye picha, sahihi, na picha za kila sarafu pande zote mbili. Zilizo kwenye kasha la wapimaji, yaani kasha la plastiki lililofungwa na kampuni inayothibitisha uhalisi na ubora wa sarafu, zina namba ya cheti. Ailinganishe na taarifa za wizi. Kasha lililovunjwa karibuni ni dalili mbaya. Alipe kwa hundi. Shaka ikibaki, asinunue wala asigombane naye: awaarifu polisi. Mali ikithibitika ni ya wizi, kwa kawaida hurudi kwa mwenyewe, na mnunuzi hupoteza pesa zake.