Madogo mnaoanza lindo, kuhusu rungu na kesi

Najua kwenye mafunzo mmeambiwa ukimgusa mwizi kesi ni yako, kampuni haihusiki. Hiyo ya kampuni kutohusika, kwa kesi ya jinai msijidanganye, kizimbani unasimama wewe. Ila hiyo ya kutomgusa mwizi kabisa inaumiza walinzi, mtu anajiwa na panga huku anawaza kesi, mpaka amalize kuwaza kashakatwa.

Mimi nimelinda miaka kumi na mbili hapa Dar, mwanzo yadi ya magari, baadaye magodauni. Pale yadi usiku mmoja, kwenye saa tisa hivi, waliruka ukuta wawili wanafuata betri. Mmoja akanijia na panga, nikamshushia rungu kwenye mkono wa panga, likadondoka, nikalikanyaga. Basi, nikaishia hapo, na yule wa pili akasepa. Sasa mwenzangu wa geti la nyuma akaja mbio, hasira zimempanda, anamkuta jamaa kakaa chini anaugulia mkono akaanza kumtandika virungu vya kichwa, nikaja kumshika nimechelewa. Mimi nilitoa maelezo kituoni asubuhi nikarudi home. Yeye alilala ndani, kesi ikamla zaidi ya mwaka na kiwanja cha kwao kikauzwa ndo apate wakili. Na mwizi ni yuleyule mmoja!

Nenda kasome Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 mpaka 18C. Unaruhusiwa kujitetea, kumtetea mwingine, hata kutetea mali uliyoachiwa uitunze, kwa hiyo betri za bosi zimo. Ya kukariri ni 18B: nguvu iwe ile inayohitajika tu, ukizidisha unawajibika, na ukiua kwa kuzidisha inahesabiwa kuua bila kukusudia, ambayo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. 18C inakwenda mbali zaidi, inataja hali ambazo hata aliyekuvamia akifa unaweza kuwa na utetezi, mfano una hofu ya msingi kwamba utauawa au utaumizwa vibaya.

Kwa hiyo panga likiwa hewani, piga, usiombe ruhusa kwa sapavaiza. Piga mkono, piga goti, piga ugoko. Kichwa kiache, rungu la mninga kichwani halina kipimo. Kabla ya hapo kama nafasi ipo piga kelele "weka chini!" na filimbi juu, jirani asikie, huyo ndo shahidi wako kesho.

Akigeuka kukimbia muache aende. Najua inauma, mali imeondoka na asubuhi utasemwa, lakini daktari akijaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwamba jeraha liko kisogoni, utaeleza vipi kwamba mtu aliyekupa mgongo ndo alikuwa anakushambulia?

Na wale bodaboda watakaofika na tairi na petroli, usiwakabidhi mtu. Ukishamdhibiti yuko mikononi mwako, funga geti, piga simu polisi, hata wakikutukana.

Baada ya hapo panga usilishike, lisubiri polisi. Na wewe ukiwa na mchubuko hata kama ni mdogo chukua PF3 yako, wengi wanaona aibu eti kamkwaruzo tu, halafu mwizi ana PF3 we huna. Andika kwenye kitabu cha matukio kabla hujalala, muda, ulisimama wapi, alishika nini, ulipiga mara ngapi.

Mdomo pia uuchunge. Mwenzangu kituoni aliulizwa kwa nini uliendelea kumpiga, akajibu "nilitaka akome." Ikaandikwa hivyohivyo, akatia saini, na siku ya mahakamani ndo maneno aliyosomewa.