Mtoto wa miaka 12 ameitwa kazini, tusaini?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni mama, kijana wangu ana miaka 12 na anaandika programu za kompyuta tangu akiwa na 8, hakuna mtu aliyemfundisha, kajifunza mwenyewe kwenye intaneti. Juzi kampuni moja ya programu imeona vitu alivyotengeneza ikatutafuta, wanataka awe anawafanyia kazi akitoka shule masaa matatu kila siku, alafu Jumamosi masaa manane, na mshahara watauingiza kwenye akaunti yangu. Baba yake anasema kipaji hakisubiri umri, tusaini. Mi roho inasita. Ni halali kweli? Na tukikataa si tutakuwa tumemuua mtoto kipaji? (Mama anayesita)

JIBU: Mama hongera sana kwa huyo kijana, na hiyo roho inayosita usiinyamazishe, iko sahihi.

Tuanze na sheria. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 138 wa mwaka 1973, na nchi nyingi zimeandika sheria zao zikiufuata huo. Unasema umri wa kuanza kazi usiwe chini ya ule wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usipungue miaka 15. Nchi ambazo uchumi na shule zao bado havijakaa sawa zimeruhusiwa kuanza na 14. Halafu kuna kitu wanaita kazi nyepesi, hiyo mtoto wa 13 hadi 15 anaweza kuifanya, na kwenye zile nchi za 14 inashuka mpaka 12, lakini kwa sharti kwamba isimdhuru afya wala isiguse masomo yake. Kwa hiyo sehemu nyingi jibu la mtoto wa miaka 12 ni hapana moja kwa moja, na hata pale panapowezekana bado inabidi tuulize hiyo kazi yao ni nyepesi au wameiita tu hivyo.

Hebu piga hesabu na mimi. Masaa 3 mara siku 5 ni 15, weka 8 ya Jumamosi unapata 23. Sheria ya Marekani, ambako ndo kampuni kubwa za teknolojia zimejaa, mtoto wa miaka 14 au 15 mwisho wake ni masaa 18 kwa wiki ya shule na masaa 3 kwa siku ya shule. Yaani hawa watu wanamtaka mtoto mdogo zaidi kwa masaa mengi kuliko yanayoruhusiwa kwa mkubwa wake! Na bado hujahesabu homuweki, hujahesabu usingizi, maana mtoto wa umri huo anahitaji kulala masaa 9 mpaka 12.

Najua kinachowachanganya wazazi wengi ni kwamba kazi ya kompyuta haionekani kama kazi. Mtoto amekaa kwenye kiti, hana vumbi, habebi mzigo, na kwa kuwa hata asipolipwa angekuwa hapohapo kwenye skrini basi tunaona ni mchezo wake uleule isipokuwa sasa una hela. Hapana mama, ukishaingia mshahara mchezo umebadilika. Leo akichoka anafunga laptopu anaenda kucheza mpira, kesho akichoka kuna mtu mzima anamsubiri, kuna mteja analalamika, kuna tarehe ya kukabidhi kazi, na mtoto wa miaka 12 hajui kumwambia bosi "hapana, hii siwezi". Hicho ndo sheria inakizuia. Haimkatazi mtoto kuvumbua hata siku moja, inamkataza mtu mzima kununua masaa yake.

Sasa nizungumze na baba kidogo, na nakuheshimu baba kwa sababu naona unampenda mwanao. Kipaji hakisubiri umri ni kweli kabisa, ila ajira inaweza kusubiri, na wala havigongani. Bill Gates akiwa na miaka 13 hivi, mwaka 1968, yeye na wenzake wa shule ya Lakeside walikuwa wanatafuta hitilafu kwenye mashine za kampuni ya kompyuta, na walichopewa ni muda wa kutumia hizo mashine bure, kitu ambacho enzi hizo kilikuwa ghali mno. Nick D'Aloisio wa Uingereza alitengeneza programu yake ya kufupisha habari akiwa na miaka 15, na mwaka 2013 akawauzia Yahoo kampuni yake ya Summly akiwa na 17. Alikuwa anajenga cha kwake, hakuna aliyekuwa amemkodi kwa masaa.

Kuna mtu atakuja na mfano wa Kairan Quazi, aliyechukuliwa na SpaceX, ile kampuni ya roketi, mwaka 2023 akiwa na miaka 14 kwenye kitengo chao cha intaneti ya setilaiti kinachoitwa Starlink. Mfano mzuri, ila usomwe wote. Yule alikuwa anamaliza chuo kikuu cha Santa Clara, kwa hiyo hakukuwa na shule ya sekondari inayomsubiri, na umri wa 14 kule Marekani ndo kazi za kawaida zinapoanzia. Wako ana 12 na bado yuko shule, hao ni watoto wawili tofauti kabisa.

Na hii ya mshahara kuingia kwenye akaunti yako, mama, ndo imenishtua kuliko vyote. Sisemi wewe ungekula hela ya mtoto, ila mambo haya yalishatokea. Jackie Coogan alikuwa mtoto maarufu wa filamu za Marekani miaka ya 1920, akaingiza mamilioni ya dola, alipofika miaka 21 akakuta mama yake na baba wa kambo wameshazitumia karibu zote. Alienda mahakamani akapata sehemu ndogo tu. Kesi hiyo ndo ilifanya jimbo la California litunge sheria mwaka 1939, na siku hizi asilimia 15 ya kipato cha mtoto msanii lazima iwekwe kwenye akaunti ambayo haiguswi mpaka awe mtu mzima. Ufaransa nao mwaka 2020 wakapitisha sheria inayofanana na hiyo kwa watoto wanaopata hela kwa video za mtandaoni. Kwa hiyo hata siku ikifika ya mwanao kulipwa kihalali, fungua akaunti kwa jina lake.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila nakuomba ukifuatilie wiki hii hii. Zile programu alizokwisha andika ni mali yake. Hakimiliki haina umri na kwa mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haihitaji hata kusajiliwa, kazi ikishaandikwa imeshakuwa yake. Lakini akiwa mwajiriwa, sheria za nchi nyingi zinampa mwajiri kile alichokiandika kazini, na mkataba uliotungwa kwa ujanja unaweza kuvuta mpaka vile vya zamani. Usisaini karatasi yao yoyote, hata ile wanayosema ni ya kutunza siri tu, kabla mwanasheria hajaisoma.

Kipaji hakitakufa. Mtafutie mtu mzima anayeijua fani, wa kumkosoa kazi zake bila kumdai chochote. Mwache achangie kwenye miradi ya chanzo huria, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuona zilivyoandikwa na kuziboresha, akichoka aache. Akifika sekondari kuna Olimpiadi ya Kimataifa ya Kompyuta, ilianza Bulgaria mwaka 1989, huko atakutana na watoto wenzake wanaofikiri kama yeye, na nina hakika hicho anakihitaji kuliko mshahara.

SWALI: Dada nina miaka 15, nimemaliza apu yangu ila nikitaka kuiweka kwenye duka la apu wananikataa kisa umri. Nidanganye mwaka wa kuzaliwa? (Kijana wa apu)

JIBU: Usidanganye mdogo wangu. Wakigundua wanafunga akaunti na apu inaondoka nayo, jasho lote limepotea. Ukifungua hiyo akaunti unaingia mkataba, na mkataba wa mtoto kwa sheria za nchi nyingi unaweza kubatilishwa, ndo maana Google wanataka mtu wa miaka 18 na Apple wanataka mtu mzima kisheria. Mwombe mzazi afungue kwa jina lake, ila muandikiane kabisa kwamba apu ni yako na mapato ni yako.

SWALI: Mbona watoto wanaigiza filamu tangu wana miaka mitano na hakuna anayesema? Watoto wa teknolojia wamekosa nini? (Msomaji)

JIBU: Kibali kipo, kwenye mkataba uleule wa 138. Maonyesho ya sanaa yanaruhusiwa kwa mtoto mmoja mmoja, na kibali lazima kitaje masaa na mazingira ya kazi. Mimi binafsi sitaki mlango huo ufunguliwe kwa kampuni za programu. Filamu ikishapigwa mtoto anarudi nyumbani, imeisha. Programu ikiharibika saa saba usiku anapigiwa simu yule aliyeiandika.