Mama aliyenizaa amekataa tuonane: je, nikimtafuta ninakosea?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Niliasiliwa nikiwa mchanga, na wazazi walionilea hawakunificha. Nilipokuwa mtu mzima nilijiandikisha kwenye daftari la kuwakutanisha walioasiliwa na wazazi wao. Nimejibiwa kwa barua ya mistari miwili: mama yangu yu hai, lakini ametia saini kwamba nisipewe jina lake wala anwani. Je, ana haki hiyo? Na nikimtafuta kwa njia zangu, ninaunga udugu au ninakosea?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, kwa kuwa ndani yake mna watu wawili wenye maumivu, na mmoja wao hayupo hapa kujisemea.

Umeuliza mambo mawili ukayafunga pamoja: kujua nasaba yako, na kuonana na mama yako. Hukumu zake hazifanani.

Nasaba ni haki yako. Zayd bin Haritha (radhi za Allah ziwe juu yake) alilelewa na Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad, mpaka iliposhuka katika Surat Al-Ahzab: "Waiteni kwa baba zao." Mlezi wake alikuwa mbora wa viumbe, na bado jina la Haritha halikufutwa. Kwa hiyo daftari linalomficha mtu mzima asili yake moja kwa moja mimi siliungi mkono. England na Wales, sheria ya mwaka 1975 ilimruhusu aliyeasiliwa, akitimiza miaka 18, kupata cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa bila kungoja ridhaa ya mzazi. New Zealand, sheria ya 1985 ilifungua kumbukumbu, lakini kwa walioasiliwa kabla ya Machi 1986 ikampa mzazi nafasi ya kuzuia kwa miaka 10, na kuurefusha muda huo akitaka. Mimi naona ya kwanza iko karibu zaidi na aya ile.

Kuonana ni jambo jingine. Huo ni mlango wa mtu, na mlango una adabu yake katika Surat An-Nur: "Na mkiambiwa: Rudini, basi rudini." Swahaba Abu Musa alibisha kwa Khalifa Umar mara tatu, hakupata idhini, akageuka akaenda zake. Na huyo Zayd, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, babake alipomfuata Makka na fidia mkononi, Mtume alimwachia kijana mwenyewe achague. Akachagua kubaki, na Haritha akakubali. Ikiwa baba mwenye uchungu kiasi hicho hakumlazimisha mwanawe, mwana naye asimlazimishe mama.

Hujui alikuzaa katika hali gani. Pengine mume na watoto alionao leo hawajawahi kusikia habari zako. Ukimtokea mlangoni, au ukawaandikia wanawe, umemvua sitara ambayo Allah alimfunika nayo miaka yote hii. Kupima vinasaba ili ujue ukoo wako si haramu kwa asili yake, ila kuvitumia kumfikia mtu aliyekwisha kusema hapana ni kuingia kupitia dirishani. Na hutahesabiwa umekata udugu: mkataji ni anayeweza kuunga akaacha, na wewe umebisha hodi.

Lipo jambo moja ambalo kukataa kwake hakuwezi kulizuia. Allah ameharamisha ndoa ya ndugu katika Surat An-Nisaa. Ukiposwa, una haki ya kuwataka wasimamizi wa daftari walinganishe jina la mchumba na kumbukumbu zao, wakujibu tu kama ni maharimu wako au siye. Vivyo hivyo maradhi ya kurithi: waombe wamuulize mama kwa niaba yako, jina lake likibaki limefichwa.

Sasa fanya hivi. Andika barua moja, iache kwenye jalada lako kwa wasimamizi, ili siku akibadili nia aikute. Usianze na "kwa nini uliniacha". Mwambie u mzima, umelelewa vizuri, unamwombea dua, na kwamba hutakwenda kwake mpaka akuite. Weka namba yako ya simu chini, na ukihama, ibadilishe.

Wallahu a'lam.